Ituri: Dume mkubwa si lazima awe dume wa faida

Kuzunguka mji wa Bunia, nyasi zimekuwa na bei. Zamani mfugaji wa Djugu au wa Irumu alifungua boma asubuhi, na ng'ombe wakaenda kujitafutia chakula kwenye vilima na kwenye bonde linaloteremka kuelekea Ziwa Albert. Chakula hicho hakikuandikwa kwenye hesabu yoyote, maana kilionekana ni cha bure. Leo hali ni nyingine. Tangu mauaji yaliporudi Djugu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, makundi mengi yaliporwa, na yaliyobaki yalisukumwa kwenye sehemu chache zenye usalama. Utawala wa kijeshi ulioanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021 haukuyarudisha malisho yote mikononi mwa wafugaji.

Ng'ombe wakijazana kwenye malisho machache, kuna mambo manne yanayoweza kufuata. Mwenye ng'ombe analipia nyasi, au ananunua pumba, au anamlipa mchungaji atembee mbali zaidi na kwa hatari zaidi, au ng'ombe wanaingia katika shamba la jirani na kesi inaanza. Kila njia kati ya hizo nne ina gharama, na gharama hiyo inamaliza faida ya nyama kabla mnyama hajafika machinjioni.

Ndiyo maana desturi ya kumchagua dume kwa macho tu inahitaji kuangaliwa upya. Wakati nyasi zilikuwa nyingi, ilikuwa haki kumtafuta mwenye mwili mkubwa, pembe nzuri na rangi ya kuvutia. Mnyama mkubwa alileta heshima, alileta mahari nzuri, na akiuzwa alileta pesa nyingi kwa mara moja. Hakuna aliyeuliza alikula kiasi gani kwa miaka yote hiyo. Sasa swali hilo ndilo linaloamua kama ufugaji wa nyama utaendelea Ituri au utakufa: ng'ombe gani anatoa kilo nyingi za nyama kwa kila kilo ya chakula anachokula?

Methali inasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini mfugaji anaweza kuelemewa na ng'ombe wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe hula kwa siku chakula chenye uzito wa karibu asilimia 2.5 ya uzito wake, kikipimwa kikiwa kikavu, yaani baada ya kuondoa maji. Jike mwenye kilo 250 anahitaji kidogo zaidi ya kilo 6 kwa siku. Jike mwenye kilo 400 anahitaji kilo 10. Kwa mwaka mzima tofauti yao inafika karibu kilo 1,370 za chakula kikavu. Kwa kuwa majani mabichi mengi ni maji, karibu sehemu nne kati ya tano, hizo ni karibu tani 7 za majani ya kukata shambani na kubeba kichwani au kwenye baiskeli. Ikiwa wote wawili wanazaa ndama mmoja kwa wakati uleule, yule mkubwa lazima alete ndama mzito sana ili alipe deni hilo. Katika malisho yaliyochoka, mara nyingi halilipi.

Sehemu kubwa ya chakula cha ng'ombe haiendi kwenye nyama hata kidogo. Inatumika kuuweka mwili hai: moyo upige, joto la mwili libaki, miguu itembee, tumbo lisage. Mwili ukishachukua haki yake, kinachobaki ndicho kinachogeuka kuwa nyama, maziwa au mimba. Kwa hiyo mnyama anayekaa bomani miaka mingi bila kuongeza uzito ni kama nyumba inayolipiwa kodi bila mpangaji. Maksai wa kilo 300 anayeuzwa akiwa na miaka mitano badala ya mitatu amekula zaidi ya tani 5 za chakula kikavu katika miaka hiyo miwili ya ziada.

Wataalamu wa mifugo wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Kipimo cha kwanza ni rahisi: gawa kilo za chakula alichokula mnyama kwa kilo za uzito alioongeza. Kuku wa nyama anahitaji chini ya kilo 2 za chakula kwa kila kilo anayoongeza. Ng'ombe anayenenepeshwa kwa nafaka anahitaji kati ya kilo 6 na 8. Ng'ombe anayeishi kwa majani makavu ya kiangazi anahitaji zaidi sana. Kipimo hicho kinasaidia, lakini kina mtego ndani yake. Mfugaji akimchagua dume kwa kipimo hicho peke yake, anaishia kuwachukua wale wanaokua haraka, na wanaokua haraka huwa na miili mikubwa wakikomaa. Mabinti wao wanakuwa majike makubwa yanayokula sana mwaka mzima, hata katika miezi ambayo hayazai wala hayanyonyeshi. Alichookoa kwa maksai kinapotea kwa majike.

Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani Robert Koch na wenzake walipendekeza njia nyingine. Kwanza unakadiria chakula ambacho mnyama angepaswa kula kutokana na uzito wake na kasi yake ya kukua. Halafu unapima alichokula kweli. Aliyekula chini ya makadirio, huku akikua vilevile, ndiye anayetumia chakula vizuri. Aliyekula zaidi ya makadirio anapoteza. Kwa njia hii ukubwa wa mwili hauwezi kumdanganya mtu, kwa sababu umeshahesabiwa tayari.

Je, sifa hiyo inarithiwa? Ndiyo, kwa kiasi cha kutosha kumpa mfugaji sababu ya kuchagua. Katika kituo cha Trangie, jimbo la New South Wales nchini Australia, watafiti walianza katika miaka ya 1990 kuzalisha makundi mawili: moja kutoka kwa wazazi wanaokula kidogo kuliko makadirio, jingine kutoka kwa wanaokula zaidi. Baada ya vizazi viwili hivi, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wanakula pungufu ya wenzao kwa zaidi ya kilo 1 kwa siku, na uzito wao wa mwaka mmoja ulikuwa karibu sawa.

Kilo 1 kwa siku inaonekana ndogo mpaka ihesabiwe. Chukua mfano wa mfugaji mwenye maksai 20 anaowanenepesha kwa siku 120. Kila mmoja akila kilo 1 pungufu, anabaki na kilo 2,400 za chakula kikavu. Kwa majani mabichi hizo ni tani 12. Mwenye kununua chakula kwa gunia anajua maana ya hesabu hiyo.

Lakini sifa hii nayo isichukuliwe kama dawa ya kila ugonjwa. Wanyama wanaokula kidogo kuliko makadirio mara nyingine huwa na mafuta machache mwilini. Huko ambako chakula kipo mwaka mzima, hilo si tatizo. Ituri, ambako mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili ni kiangazi, mafuta ya mwilini ni akiba ya kumvusha jike mpaka mvua irudi. Dume anayezaa mabinti wembamba wasioshika mimba hamsaidii mfugaji hata kama anakula kidogo. Chakula kinachookolewa lazima kiende pamoja na uzazi.

Hapo ndipo ng'ombe wa nyumbani wanapostahili heshima. Ituri ina ng'ombe wa pembe ndefu wa jamii ya Ankole, wanaojulikana katika vitabu vya mifugo kwa jina la Bahema. Upande wa Aru kuna zebu mdogo anayeitwa Lugware. Hawa hawakuchaguliwa na maabara. Walichaguliwa na jua, kupe na njaa ya kiangazi, na aliyeshindwa hakuacha mtoto. Vitabu vya lishe ya mifugo vya Marekani vinakadiria kwamba zebu anahitaji takriban asilimia 10 pungufu ya chakula cha kuuweka mwili hai, akilinganishwa na ng'ombe wa asili ya Ulaya. Mwili mdogo usitafsiriwe kama umaskini. Katika malisho mabaya unaweza kuwa utajiri.

Hii haina maana kwamba damu ya kigeni ni mbaya. Kenya ilichukua Boran, zebu wa wafugaji wa mpakani na Ethiopia, na tangu chama cha wafugaji wake kilipoanzishwa mwaka 1951 wakamchagua kwa kumbukumbu na kwa mizani mpaka akawa ng'ombe wa nyama anayetafutwa na nchi nyingine. Somo la Boran ni kwamba ng'ombe wa Afrika anaweza kuboreshwa bila kugeuzwa kuwa ng'ombe wa Ulaya. Anayetaka maziwa mengi karibu na mji, na ana uwezo wa kununua chakula na dawa, anaweza kumleta Friesian na kufanikiwa. Lakini mfugaji wa nyama anayemwingiza dume mkubwa wa kigeni kwenye kundi linalokula nyasi za barabarani ananunua midomo mikubwa asiyoweza kuilisha.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya nchi tajiri. Wana haki kwa upande mmoja. Kipimo cha Koch kinahitaji kumlisha kila mnyama peke yake kwa siku kama 70, na kupima kila kinachoingia na kinachobaki. Mashine za kufanya kazi hiyo ni za bei kali, na hakuna mfugaji mmoja wa Ituri anayeweza kuzinunua. Ila mfugaji hahitaji mashine ili aanze kuchagua vizuri. Anahitaji daftari, kalamu na utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe, ambao unakadiria uzito bila mizani.

Katika daftari hilo mambo manne yanatosha. La kwanza ni umri wa mtamba alipozaa mara ya kwanza. La pili ni miezi inayopita kati ya ndama mmoja na mwingine. La tatu ni uzito wa ndama anapoachishwa kunyonya, ukilinganishwa na uzito wa mama yake. La nne ni kilo ambazo kila mnyama alipoteza wakati wa kiangazi. Jike mdogo anayezaa kila mwaka, anayelea ndama mwenye nusu ya uzito wake, na anayefika mwezi wa tatu akiwa bado na mwili, ndiye anayetumia chakula vizuri, hata kama hakuna mtu aliyewahi kupima alichokula. Dume wa kesho atoke kwa mama wa namna hiyo. Asichaguliwe kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wengine sokoni.

Na soko lenyewe lina kosa lake. Ng'ombe anapouzwa kwa macho, anayejua kukadiria ndiye anayekula faida, na mara nyingi huyo ni mfanyabiashara, si mfugaji. Mizani kwenye masoko ya ng'ombe na kwenye machinjio ya Bunia ingebadilisha mengi kwa gharama ndogo. Mfugaji angelipwa kwa kilo, angejua ni ndama wa dume gani waliofika na uzito mzuri wakiwa na umri mdogo, na angekuwa na sababu ya kuandika. Bila mizani, daftari linabaki kazi bila malipo.

Kuchagua vizuri kunaenda pamoja na kulisha vizuri. Ng'ombe mwenye njaa hatumii chakula vizuri, hata awe wa ukoo gani. Mjini Nairobi, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwalisha ng'ombe wa Boran chini ya kiasi kinachohitajika kuuweka mwili hai. Waliopunjwa sana walitoa gesi ya methane nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula waliyokula. Gesi hiyo ni nguvu ya chakula inayotoka mdomoni na kupotea hewani. Kumnyima ng'ombe chakula miezi mitatu kisha kumnenepesha upya ni kulipa mara mbili kwa nyama ileile.

Bunia ina chakula cha ng'ombe kinachotupwa kila siku. Maganda ya muhogo, pumba za mahindi na za mpunga, machicha ya pombe ya kienyeji, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, mabua ya maharagwe na ya karanga: vyote hivyo vinaweza kumvusha mnyama katika kiangazi. Muhogo unahitaji uangalifu. Maganda mabichi yana sumu, na lazima yakaushwe vizuri juani au yavundikwe kabla ya kulishwa. Nchini Nigeria, ILRI ilionyesha kwamba tani 3 za maganda mabichi, yakisagwa, kukamuliwa na kukaushwa, hutoa karibu tani 1 ya chakula kinachohifadhika. Katika jimbo ambalo watu wanakula muhogo kila siku, hiyo ni kazi inayoweza kuwapa vijana wa mjini kipato na wafugaji chakula.

Afya nayo ni sehemu ya hesabu. Kupe wanakunywa damu iliyotengenezwa kwa nyasi za mfugaji. Minyoo inakula kabla yake. Ndigana inaua ndama aliyekwisha kugharimu mwaka mzima wa chakula cha mama. Mwenye kutafuta ng'ombe wa kula kidogo huku josho limekauka anachota maji kwa kikapu.

Kuna pingamizi moja zito kuliko yote. Mfugaji aliyeporwa kundi lake usiku mmoja atauliza kuna faida gani ya kuchagua ng'ombe kwa miaka kumi, wakati bunduki inaweza kuwachukua wote kwa saa moja. Hakuna daftari linalojibu swali hilo. Usalama ni kazi ya serikali, na hakuna ufundi wa ufugaji unaoweza kuchukua nafasi yake. Lakini kuna ukweli wa pili. Wale wanaorudi vijijini wanaanza upya, na anayeanza upya anachagua. Majike matano atakayonunua mwaka huu yataamua kundi lake litakuwaje baada ya miaka kumi. Mashirika yanayogawa mifugo kwa familia zilizorudi yanafanya uchaguzi huohuo kwa niaba ya watu wengi. Yakigawa wanyama kwa idadi tu, bila kuuliza mama zao walizaa mara ngapi na walivuka kiangazi namna gani, yanagawa gharama pamoja na msaada.

Zaidi ya hapo, Ituri ina sababu yake ya pekee ya kuhesabu nyasi. Mwaka 1999, ugomvi juu ya konsesiyo za mashamba katika eneo la Djugu ulikuwa moja ya cheche za vita vilivyowateketeza watu wa jamii zote. Ardhi haijaongezeka tangu wakati ule, na watu wameongezeka. Kundi la ng'ombe 30 wanaozaa vizuri na kuuzwa mapema linaweza kutoa nyama nyingi kuliko kundi la 60 wanaozeeka malishoni, na linahitaji nusu ya nyasi. Nusu ya pili inabaki kwa mkulima wa jirani au kwa nyasi zenyewe kupumzika. Kupunguza midomo bila kupunguza nyama ni njia mojawapo ya kupunguza kesi kati ya mfugaji na mkulima, na inaweza kuanza hata kabla ya mikutano ya amani kumalizika.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mfugaji mmoja mmoja. Ituri ina kituo cha utafiti cha Nioka, upande wa Mahagi, kilichoachwa na INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, na ambacho leo kiko chini ya INERA. Kituo cha namna hiyo ndicho mahali pa kukusanya madume wachache wa kienyeji kutoka Aru, Mahagi, Djugu na Irumu, kuwalisha kwa chakula kinachopimwa, na kuwarudisha wale bora kwa wafugaji. Si lazima kuanza na mashine za ghali. Mabanda ya mnyama mmoja mmoja, mizani na vijana wawili wa chuo kikuu wanaoandika kila siku wanatosha kuanza na madume kumi. Vyuo vikuu vya Bunia vina wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo. Ukaguzi wa jimbo wa kilimo, uvuvi na ufugaji, IPAPEL, unaweza kudai mizani kwenye kila soko la ng'ombe linalotozwa kodi. Chama cha wafugaji, ACOOPELI, kinaweza kuanza na jambo dogo kabisa: daftari moja la mfano, lililoandikwa kwa Kiswahili, kwa kila mwanachama.

Kodi inakusanywa kwa kila ng'ombe anayepita kwenye soko na kwenye machinjio. Sehemu ndogo ya kodi hiyo ikirudi kwa njia ya mizani na utepe, mfugaji atajua kwa mara ya kwanza anauza nini na kwa gharama gani. Mwenye kundi naye asingoje jimbo. Kiangazi kijacho kinaanza mwezi wa kumi na mbili, na anaweza kupima kifua cha kila ng'ombe kabla nyasi hazijakauka, kisha apime tena mvua ikirudi. Majike watakaokuwa wamepoteza kidogo na bado wana mimba, hao asiwauze.